Alovera yako inaumwa? Cheki udongo kwanza kabla hujashika jagi la maji

Alovera imesifiwa sana kwamba haifi, mtu akisikia hivo anaiweka ndani akijua kazi imeisha, sasa baada ya mda majani yanalegea au yanabadilika rangi na hapo mkono unaenda moja kwa moja kwenye jagi la maji. Hapo ndo wengi wanapoimalizia. Zipo zinazokufa kwa kiu kweli, siwezi kukataa, ila hizo mara nyingi zinaokoleka kirahisi tu, zile za maji kuzidi ndo zinaondoka na mizizi yote kabla mwenye mmea hajashtuka.

Sababu iko kwenye maumbile yake. Huu mmea asili yake ni huko nchi kavu za Rasi ya Arabuni, mvua inakuja kwa kubahatisha, kwa hiyo umejitengenezea akiba ya maji humohumo ndani ya jani, ndo ule ute unaouona ukilikata. Tena kuna vile vitundu vidogo vya kupumulia kwenye ngozi ya jani, mimea mingi inavifungua mchana, alovera inavifungua usiku kukiwa na ubaridi ili maji yasipotee hewani, inavuta hewa ya kaboni usiku inaihifadhi ikiwa asidi, mchana jua likitoka inaitumia huku vitundu vimefungwa. Yani ni mmea bahili wa maji kuliko unavyodhani. Sasa wewe ukimwagia kila siku mbili tatu hayo maji hayaendi popote, yanajaa kwenye zile nafasi ndogondogo za hewa ndani ya udongo, mizizi inakosa oksijeni, inaanza kufa, na mizizi iliyokufa ndo mlango wa fangasi.

Na kinachochanganya watu zaidi ni hiki: mmea uliooza mizizi na mmea wenye kiu, ukiutazama juu juu unaweza kufanana kabisa. Majani yanasinyaa kotekote. Mizizi ikishakufa mmea hauwezi kunywa tena, ni sawa na mtu aliyezibwa mdomo halafu amekaa ndani ya pipa la maji. Kwa hiyo ukiona majani yamenywea na ukaongeza maji bila kucheki chini, nusu ya mara unaongeza ugonjwa. Ndo maana naanza na vipimo kabla ya dalili.

Vipimo vya kufanya kwanza, dakika tano tu

Chukua kijiti cha mbao kikavu, kile chembamba cha mishikaki kinafaa, kichomeke taratibu pembeni ya chungu mpaka karibu na chini kabisa, kiache dakika chache ukichomoe. Kikitoka kimekolea rangi na udongo umeng'ang'ania basi chini kuna maji hata kama juu pamekauka mpaka pamepasuka. Hili la juu pakavu chini kumelowa linadanganya watu wengi mno, kidole peke yake hakitoshi kwenye chungu kirefu.

Halafu nyanyua chungu. Ukizoea kukinyanyua siku umemwagilia na siku kimekauka utajua uzito wake bila kufikiria, chungu cha plastiki hasa kinakuwa chepesi mpaka unashangaa.

Mwisho shika mmea pale chini majani yanapokutana na udongo, bonyeza kidogo, tikisa kidogo. Pakiwa pagumu na mmea hauchezichezi uko salama kwa sasa. Pakiwa laini, au mmea wote unayumba, au ukiinama unasikia harufu ya kuoza, ruka kila kitu kingine nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata.

Majani yamekuwa laini, ya njano, yanapitisha mwanga

Hii ndo kesi kubwa. Jani la chini linaanza kupauka, linakuwa la njano au kahawia ya majimaji, ukilibonyeza linabonyea na halirudi, wakati mwingine linachomoka lenyewe ukiligusa na pale lilipochomokea pameacha ute unaonuka. Tofautisha na jani la chini linalokauka polepole kuanzia nchani mpaka linakuwa karatasi, hilo ni jani la zamani limemaliza mda wake, mmea unalinyonya unapeleka maji kwenye majani mapya, litoe ukipenda na usiwe na wasiwasi. Moja moja kwa mda mrefu ni kawaida, matatu manne kwa mpigo sio kawaida.

Ukishajua ni kuoza usisubiri udongo ukauke wenyewe, kama dalili imeshafika kwenye shina kusubiri ni kupoteza mmea. Utoe kwenye chungu. Kung'uta udongo wote, osha mizizi na maji ya bomba ili uone vizuri. Mzizi mzima unakuwa mweupe au wa njano iliyofifia, ukiubana unahisi ugumu. Mzizi uliokufa ni wa kahawia au mweusi, na ukiuvuta kwa vidole ngozi yake ya nje inavuka inateleza inabaki mkononi, katikati kunabaki kauzi kembamba. Huo kata. Tumia wembe au kisu kikali ulichofuta na spiriti, na ufute tena kila baada ya kukata sehemu mbovu, usipofanya hivyo unahamisha ugonjwa kutoka mzizi mmoja kwenda mwingine.

Kama kuoza kumepanda kwenye shina, kata shina lenyewe. Angalia ule uso uliokatwa: ukiona duara au hata kidoa cha kahawia katikati bado hujafika, panda juu kidogo ukate tena, na tena, mpaka uso wote uwe safi wenye rangi moja. Watu wanaogopa hapa wanaacha kidoa kidogo wakidhani kitakauka, hakikauki, kitaendelea kupanda.

Baada ya hapo usipande siku hiyohiyo. Ulaze mmea sehemu yenye hewa na kivuli, siku tatu mpaka wiki, kama umekata shina nene hata wiki mbili, mpaka kidonda kikauke na kufunga ngozi ngumu. Hautakufa, una maji yake ndani. Kisha upande kwenye udongo mkavu mpya na usimwagilie mpaka ipite kama wiki nyingine. Mmea usio na mizizi kabisa utauegemeza na vijiti au mawe usianguke, mizizi mipya inachukua wiki kadhaa na katika mda huo majani yatanywea kidogo, hiyo ni sawa, unatumia akiba yake. Ukianza kuona jani jipya katikati linasogea au ukiuvuta kidogo unahisi umeshika udongo, ndo umwagilie vizuri mara ya kwanza.

Udongo wa zamani tupa. Chungu kioshe kwa sabuni na maji ya jik kidogo, kisuuze, kikauke.

Kama kuoza kumefika mpaka moyoni, yani pale katikati majani machanga yanapotokea, na majani ya katikati yanachomoka ukivuta, mmea mkubwa umeondoka, usijitese. Tafuta vitoto pembeni, vile vidogo vinavyochipua kwenye shina chini, kwa kawaida vinakuwa na mizizi yao na vinaweza kuwa vizima kabisa. Ila usichukue jani moja ukalichomeka kwenye udongo ukitegemea litaota. Kuna mimea mingine ya majani manene inaota kwa jani, alovera jani lake karibu siku zote linaoza au linakauka tu, nimeona watu wanasubiri miezi kwa kitu ambacho hakikuwa na nafasi toka mwanzo na inaumiza maana kitoto kilikuwa palepale kimetupwa pamoja na udongo.

Majani yamenywea, yamekuwa membamba, yamejikunja kwa ndani

Jani lenye kiu linakunja kingo zake kuelekea katikati, linafanya mfereji, na ukilibonyeza linabonyea lakini halina ule utelezi wa kuoza, ni jembamba tu, limeisha maji. Sasa kile kijiti. Kikitoka kikavu na chungu chepesi, ni kiu, mwagilia.

Lakini mwagilia sawasawa. Vijiko viwili vitatu juu juu havisaidii, vinalowesha juu na mizizi iko chini. Mwaga polepole kuzunguka udongo mpaka maji yatoke matundu ya chini, acha yachuruzike, mwaga tena, halafu yale yaliyobaki kwenye kisahani yamwage yote. Baada ya hapo acha mpaka udongo ukauke kabisa mpaka chini ndo urudie. Watu wanauliza kila siku ngapi, kwa ujumla ni wiki mbili mpaka tatu kipindi cha joto na mwezi au zaidi kipindi cha baridi, ila usifuate kalenda fuata kijiti, chungu cha plastiki kwenye kona ya giza kinaweza kukaa na maji mara mbili ya chungu cha udongo kilicho dirishani.

Kuna kitu kinatokea kwenye udongo wa dukani wenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au piti (mabaki ya mimea ya kwenye vinamasi) nyingi, ukikauka sana unakataa maji. Unamwaga, maji yanapita pembeni ya chungu yanatoka chini kwa sekunde chache, unaona umemwagilia kumbe katikati ni pakavu kama ulivyokuwa. Ukiona maji yanatoka haraka hivyo weka chungu ndani ya beseni lenye maji yanayofika nusu ya chungu, nusu saa hivi, udongo unyonye kutokea chini, kisha toa uache uchuruzike.

Baada ya kumwagilia mmea wenye kiu ya kweli unajaa ndani ya siku chache. Usipojaa hata baada ya wiki na zaidi, na kijiti kinasema bado pamelowa, basi haikuwa kiu tu, mizizi ina shida, rudi juu kwenye kuoza. Inawezekana pia mmea ulikaa mkavu kwa mda mrefu sana mpaka mizizi midogo ikafa kwa ukavu, na ukaja kuumwagia maji mengi kwa mpigo, matokeo ni yaleyale.

Majani yamegeuka mekundu, kahawia, au yamepauka

Ukiona mmea wote umekuwa na wekundu au kahawia ya shaba lakini majani bado magumu, uliza jua kwanza. Mara nyingi umehamishwa, ulikuwa ndani kwenye mwanga hafifu halafu ukatolewa nje au ukasogezwa kwenye kioo kinachochomwa na jua la mchana. Alovera inapenda jua, hilo ni kweli, ila inahitaji kulizoea, jani lililokua kivulini halina kinga. Huo wekundu ni rangi mmea unajitengenezea kujikinga na ukipunguza jua kidogo utarudi kijani baada ya wiki kadhaa. Ila yale mabaka makavu ya kahawia yaliyopauka katikati, hayo ni ya kuungua na hayarudi, jani litaendelea na kovu lake mpaka lizeeke. Usilikate kwa ajili ya sura, sehemu iliyobaki ya kijani bado inafanya kazi.

Ukitaka kuhamisha fanya taratibu ndani ya wiki mbili, anza na jua la asubuhi kwa mda wa saa moja mpaka masaa mawili kwa siku, ongeza kidogokidogo.

Wekundu wa aina hii unaweza kuja pia kwa ukame mkali au baridi, kwa hiyo kama hujahamisha kitu cheki maji, cheki na hali ya hewa ya usiku.

Baridi yenyewe ina dalili zake. Alovera inakaa vizuri kwenye nyuzi 13 mpaka 27 za sentigredi, ikishuka chini ya 10 inaanza kulalamika na ikifika kwenye barafu maji yaliyo ndani ya jani yanaganda yanapasua seli, jani linatoka likiwa jeusi, linapitisha mwanga, limejaa maji. Linafanana na kuoza lakini limeanzia upande uliogusa kioo cha dirisha au kwenye ncha, sio chini kwenye udongo. Sogeza mmea mbali na kioo usiku, subiri siku kadhaa uone mpaka wa sehemu iliyokufa umeishia wapi, ndo ukate.

Umerefuka, majani yamelala chini

Hapa hakuna ugonjwa, ni mwanga mdogo. Alovera yenye mwanga wa kutosha majani yanasimama yameelekea juu, isiyo na mwanga majani yanakuwa marefu membamba, rangi imepauka, yanalala bapa au yote yanainama upande wa dirisha. Inahitaji sehemu yenye mwanga mkali saa 6 hivi kwa siku, na kona nzuri ya sebule karibu na televisheni kwa kawaida haina hata robo ya huo mwanga, macho yetu yanazoea giza kuliko mmea. Isogeze dirishani, geuza chungu kila wiki ili isiiname upande mmoja. Kama nyumba haina dirisha la maana weka taa ya kukuzia mimea saa 12 mpaka 14 kwa siku.

Majani yaliyokwisha kurefuka hayatafupika. Yatakayozaliwa baada ya hapo ndo yatakuwa manene, angalia yale ya katikati.

Na hapa kuna uhusiano ambao watu wanausahau na mi naona ndo chanzo cha kesi nyingi: mwanga ukiwa mdogo mmea unakunywa kidogo sana. Kiasi kilekile cha maji ambacho kingekuwa sawa dirishani kinauozesha mmea ukiwa kwenye kona. Kwa hiyo ukiihamishia sehemu yenye mwanga hafifu kwa sababu yoyote, punguza maji siku hiyohiyo, usisubiri dalili.

Ncha zimekauka

Ncha kavu moja mbili usihangaike nazo. Zikiwa nyingi tazama juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu, ukiona ukoko mweupe wa chumvi ni mbolea imezidi au maji yako yana chumvi nyingi. Kwangua huo ukoko, halafu osha udongo kwa kupitisha maji mengi mara kadhaa yatoke chini yote, uache ukauke vizuri kabla ya kumwagilia tena. Mbolea kwa alovera ni mara moja au mbili kwa mwaka kipindi inapokua, na upunguze nguvu iwe nusu ya ilivyoandikwa kwenye kopo, mmea mgonjwa usiupe kabisa, mizizi iliyoumia inaungua na mbolea.

Madoa

Vidoa vyeupe kwenye alovera changa ni vya kuzaliwa, hasa vitoto, na kwa nyingi vinapungua ikikua. Pitisha ukucha: kisipotoka ni rangi ya jani, kikitoka ni mdudu.

Vidoa vyeusi au kahawia vilivyo vigumu, vikavu, vya mviringo, mara nyingi ni kutu ya alovera, fangasi ambayo inaharibu sura zaidi ya kuua. Toa jani lililoathirika sana, acha kunyunyizia maji juu ya majani, weka mmea penye hewa inayozunguka. Doa lenye majimaji linalotanuka kila siku ni jambo jingine, hilo kata mbali na ukingo wake mara moja.

Na kuhusu kunyunyizia: alovera haihitaji. Maji yakikaa pale katikati majani yanapobanana, hasa usiku wenye ubaridi, moyo unaoza kutokea juu huku mizizi ikiwa mizima kabisa. Maji yakiingia hapo kwa bahati mbaya yanyonye na kitambaa au yapulize yatoke.

Wadudu

Vidung'ata ndo wageni wa kawaida. Unaona unga mweupe wa pambapamba kwenye maungio ya majani, ndani kabisa ambapo jicho halifiki bila kupanua majani, na wakati mwingine jani linanata. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse kila mmoja, atabadilika rangi na kufa palepale. Rudia kila wiki kwa wiki kadhaa kwa sababu mayai yanabaki, hapa wengi wanafanya mara moja wanaona pasafi wanaacha na baada ya mwezi wamejaa upya. Mmea huo utenge na mingine. Kama unakosa nguvu bila sababu unayoiona juu, utoe kwenye chungu ucheki mizizi, kuna vidung'ata vya mizizini, vinaacha unga mweupe kwenye mizizi na kwenye kuta za chungu, hao dawa yake ni kuosha mizizi yote na kubadilisha udongo.

Wadudu magamba ni vile vinundu vya kahawia vilivyoganda kwenye jani, wakwangue na ukucha au mswaki laini, kisha futa na spiriti au maji ya sabuni.

Vijidudu vyeusi vinavyoruka ukimwagilia, vinafanana na mbu wadogo, ni dalili zaidi ya kuwa ugonjwa wenyewe, vinazaliana kwenye udongo unaokaa na unyevu. Ukikausha udongo vinaisha. Ukiviona ujue unamwagilia mara nyingi mno.

Halafu kuna mmoja mbaya, utitiri wa alovera. Ni mdogo humuoni kwa macho, unachoona ni mavimbe yasiyo na umbo, yaliyokunjamana, kwenye kingo za jani, maungio au shina la maua, yani nyama imekua ovyo. Anasababisha mmea uote vibaya na mavimbe hayo hayarudi nyuma hata akifa. Yeye anakaa ndani ya hayo mavimbe kwa hiyo dawa za kupuliza juu hazimfikii vizuri. Kata sehemu yote yenye uvimbe pamoja na kipande cha jani salama kilicho jirani nayo, funga kwenye mfuko utupe, usiweke kwenye mboji, futa kisu. Kama umeenea mpaka katikati mi naona ni heri kuutupa mmea mzima kuliko kuhatarisha mingine, maana anasafiri hata kwa upepo.

Chungu na udongo, maana kila kitu kinarudi hapa

Chungu kiwe na tundu chini, hakuna mjadala. Ukipenda chungu cha urembo kisicho na tundu, weka alovera kwenye poti ya plastiki yenye matundu halafu uitumbukize humo, na baada ya kumwagilia uitoe ichuruzike. Kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yashuke ni mazoea ya siku nyingi lakini hayasaidii, maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo ile sehemu yenye maji mengi inapanda juu inakaribia mizizi zaidi. Hizo kokoto zichanganye ndani ya udongo.

Mchanganyiko mzuri ni nusu udongo wa vyungu na nusu kitu cha chenga: perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kuchanganya kwenye udongo), mawe madogo ya volkano, au mchanga mnene wa chengachenga. Mchanga laini unaziba nafasi za hewa unafanya mambo yawe mabaya zaidi, na wa baharini una chumvi. Ukimwaga maji yazame ndani ya sekunde, yakisimama juu kama dimbwi udongo ni mzito.

Ukubwa nao ni muhimu. Mtu anahamisha mmea mdogo kwenye chungu kikubwa ili ukue kwa raha, kumbe ule udongo wote usio na mizizi unashika maji wiki nzima na hakuna wa kuyanywa. Ongeza sentimita 2 mpaka 5 tu kwa upana. Upana kuliko kina, maana mizizi yake inatambaa zaidi ya kuzama, na chungu cha udongo wa kuchoma ni kizito hakiangushwi na majani, pia kinapumua. Mmea unaoanguka kila mara huku shina gumu unataka chungu kipana tu.

Ukishahamisha, usimwagilie siku chache, mizizi iliyochubuka ipone.

Haikui, haitoi vitoto, haitoi maua

Kipindi cha baridi na mwanga mfupi kutulia ni kawaida, iache. Ikitulia kipindi cha joto pia, ongeza mwanga kabla ya kufikiria mbolea. Vitoto vinakuja mmea ukishakomaa na mizizi imejaa chungu, vitenganishe vikifika sentimita 8 mpaka 10 na vikiwa na mizizi yao, viache kidonda kikauke siku mbili tatu. Maua ndani ya nyumba ni nadra, mmea uwe na miaka kama minne na jua jingi, usichukulie kukosa maua kuwa ugonjwa.

Kama unaikata kwa matumizi, chukua jani la nje la chini, likate karibu na shina, usikate nusu nusu, na usikate kutoka mmea ambao unaumwa, hayo majani ndo akiba yake ya kuponea. Ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ngozi uache uchuruzike kwanza, unawasha ngozi za baadhi ya watu na ukimezwa unaendesha tumbo. Paka na mbwa unawadhuru pia, wakitafuna wanatapika na kuharisha, kwa hiyo mmea uliokuwa mzima halafu umekutwa na majani yenye alama za meno, pandisha juu ambapo hawafiki na umpigie daktari wa mifugo kama mnyama ameanza kutapika au amelegea.

Jambo moja kuhusu namna ya kutibu: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mmea ukiumwa watu wanabadilisha chungu, udongo, sehemu, wanaweka mbolea na dawa siku moja, halafu ukizidi kuumwa hawajui kipi kimeharibu na ukipona hawajui kipi kimesaidia. Isipokuwa kwenye kuoza, hapo fanya yote ya mizizi na udongo kwa pamoja leo hii. Kwa mengine yote rekebisha kimoja, subiri wiki mbili mpaka tatu, na uangalie majani machanga ya katikati, ya zamani hayatakuambia kitu kipya.